Siku kumi kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga

Nafundisha Historia sekondari, huu mwaka wa kumi na moja. Kila Januari nawaandikia kidato cha kwanza ubaoni vyanzo vya historia: masimulizi, akiolojia, lugha, makumbusho, maandishi. Miaka yote hiyo nimeandika "maandishi" bila kuwahi kushika hata karatasi moja ya aina ninayoisema. Desemba iliyopita shule zilipofunga nikaipata nafasi. Nasoma shahada ya uzamili, tasnifu yangu ni juu ya wanawake waliokuwa na nyumba Kariakoo kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, na siku kumi za kazi nilizimaliza zote kwenye chumba cha wasomaji cha Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Namwandikia mwanafunzi aliyeko hapa hapa Dar na bado anasita kwenda. Nenda.

Kilichonipeleka ni nyumba. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya mama yake. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Tumekua tukiambiwa kwamba bibi mkuu aliijenga kwa pesa za vitumbua, na hakuna karatasi hata moja nyumbani inayosema hivyo. Vitabu nilivyosomea vinaieleza Kariakoo kwa jina lake tu, kwamba hapo palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Hilo najua. Najua pia kwamba Narung'ombe na Mahiwa, mitaa tunayopita kununua vitenge, ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 kule kusini. Nilichokuwa sijui ni nani alipewa kiwanja, kwa masharti gani, na alipokaribia kunyang'anywa alimlilia nani.

Taasisi yenyewe jina lake kamili ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na iko chini ya Ofisi ya Rais. Ilianza miaka ya mwanzo ya uhuru, sheria yake ya kwanza ikapitishwa mwaka 1965. Inayotumika sasa ni Sheria Na. 3 ya mwaka 2002. Katika sheria hiyo mwanafunzi ashike jambo moja kabla hajachagua mada: kumbukumbu za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Ukitaka kuandika juu ya ubinafsishaji wa mashirika mwishoni mwa miaka ya tisini, utakuwa umewahi mno. Ukitaka vijiji vya ujamaa, bandari au Kariakoo ya mwaka 1934, mlango uko wazi.

Naishi Kimara. Asubuhi napanda mwendokasi hadi Faya, kisha naifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa kwa miguu hadi Upanga kabla jua halijawa kali. Saa za kazi ni za ofisi ya umma, kwa hiyo Jumamosi uifute kwenye ratiba yako. Mkononi nilikuwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni iliyotaja jina langu, mada na kipindi, kitambulisho, daftari la kurasa mia mbili, penseli nne na kichongeo. Msimamizi wangu alisisitiza penseli, kwa sababu tone moja la wino kwenye karatasi ya miaka tisini halifutiki. Mtafiti anayetoka nchi za nje yeye ana hatua nyingine, lazima apate kwanza kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sisi wa vyuo vya hapa barua ya chuo ndiyo inayotutambulisha, basi ihimize mapema, idara yako isije ikafunga na likizo ikakupita.

Siku ya kwanza nilipokewa na mzee mmoja mtunza nyaraka. Nikamwamkia, akaitikia, akaisoma barua yangu taratibu hadi chini kwenye muhuri.

"Mwalimu, unatafuta nini hasa?"

"Habari za Kariakoo, mzee wangu. Za wanawake."

"Kariakoo ya mwaka gani? Na nani alikuwa akimwandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Naliona sasa kuwa ndilo swali lenyewe, na kama ningetoka nalo nyumbani ningeokoa siku mbili. Nilikwenda nikidhani nyaraka zimepangwa kama maktaba, kwamba nitafungua orodha nione "Kariakoo", halafu "Wanawake". Nyaraka hubaki katika mpangilio wa ofisi iliyozizalisha. Jalada lilifunguliwa na karani fulani, katika masjala ya ofisi fulani, kwa shughuli iliyokuwa mezani siku hiyo, likapewa namba, na mpaka leo linaitwa kwa namba hiyo. Majalada ya Sekretarieti, yaani makao makuu ya serikali ya Mwingereza hapa Dar es Salaam, yana mfululizo wake. Ya majimbo na wilaya yana namba za mikupuo yalivyopokelewa. Ili ulipate lako, lazima kwanza ukae kwenye kiti cha yule karani.

Na karani yule hakuwa na neno "Kariakoo" kichwani mwake mara nyingi. Kwenye karatasi za serikali mji uligawanywa kanda tatu kwa aina ya ujenzi. Kanda ya kwanza nyumba za kizungu, ya pili maduka na nyumba za biashara, ya tatu nyumba za "wenyeji", na kati ya hiyo ya pili na ya tatu ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja. Mgawanyo huo Wajerumani waliuacha umeshachorwa, Waingereza wakauendeleza. Kanuni zenyewe zilizungumzia matofali na paa, rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa. Sisi tuliita Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na majina yetu ndiyo yaliyosema kweli. Kwa hiyo bibi mkuu wangu, kama yumo popote, yumo chini ya "kanda ya tatu", au "viwanja", au "kodi", au "afya ya mji". Mzee alinikalisha na orodha asubuhi nzima, akanionyesha jinsi ya kuchagua maneno ya mtawala. Ilinichukua muda kuyazoea. Mchana nilikuwa na namba sita.

Jalada la kwanza lilipowekwa mezani sikulifungua mara moja. Lilikuwa na jalidi ya rangi ya kahawia iliyofifia, kona zimelegea kama kitambaa, na tundu moja upande wa juu kushoto ambamo uzi mfupi umepita katika karatasi zote. Upande mmoja ni barua, kila moja na namba yake ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kwa penseli ya buluu. Upande wa pili ni madokezo, wale mabwana wakiandikiana wenyewe kwa wenyewe, mmoja juu ya mwenzake, kila mmoja na herufi mbili za jina lake na tarehe. Mwanafunzi mgeni hukimbilia barua. Mimi nakuomba uanze na madokezo. Barua ni yale waliyokubali yatoke nje ya ofisi. Kwenye dokezo ndipo unapomwona mmoja hana uhakika, mwingine anaogopa gharama, wa tatu anawaambia wasubiri mpaka mvua ziishe. Miandiko yao ni shida. Kuna mmoja ambaye herufi zake zilinichukua siku tatu. Niliziandika pembeni mwa daftari langu kama alfabeti, hii "n" yake, hii "r" yake, na siku ya nne nikawa namsoma kama mwandiko wa mwanafunzi wangu.

Karatasi za nakala ya kaboni ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Pini zimekula kutu na kuacha alama nyekundu. Usilambe kidole kufunua. Unainua kwa kona, unaweka kiganja chini, unageuza.

Siku ya tano, Ijumaa, saa nne asubuhi, folio ya 27. Nilikuwa nimeshapita barua ishirini na kitu za mashine ya taipu kwa Kiingereza, na nikageuza nikakuta Kiswahili. Karatasi ya mistari, kama imetolewa kwenye daftari la shule, imekunjwa mara nne, mwandiko wa mkono uliosimama wima na wino uliogeuka hudhurungi. Inaanza kwa salamu kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, na jamaa zake, salamu ndefu isiyo na haraka, kisha "ama baad", yaani baada ya salamu, kisha jambo. Mwanamke mwenye nyumba ya makuti kwenye kanda ya tatu ameambiwa na watu wa mji abomoe kwa sababu barabara inanyooshwa. Hakatai barabara. Anaorodhesha vitu vyake: milango mingapi, nguzo za boriti ngapi, mnazi mmoja unaozaa na mwingine bado mchanga, choo, kisima alichochimbisha. Anauliza nani atamlipa. Chini kabisa hapakuwa na sahihi, palikuwa na dole gumba la rangi ya zambarau, mistari yote ya ngozi inaonekana, na pembeni mwake mwandishi wa barua ameandika jina la mwenye dole.

Jina hilo sitaliandika hapa, wajukuu wake huenda wapo. Nilikaa nikaliangalia lile dole mpaka msomaji wa meza ya pili akaniuliza kama niko salama.

Folio ya 28 ni majibu ya ndani. Ofisa hakuuliza habari za mnazi wala kisima. Aliuliza, kwa mstari mmoja, mume wa mwanamke huyo ni nani. Folio ya 29 liwali wa mji, kiongozi wa wenyeji chini ya serikali, anamjibu kwamba nyumba ni ya mwanamke mwenyewe na kodi ya kiwanja hulipa yeye. Hapo nilisimama, nikatoka nje nikanywa maji. Sentensi moja ya liwali ilikuwa imebeba sura nzima ya tasnifu yangu. Niliporudi na kugeuza folio ya 30, palikuwa na kipande cha karatasi kikisema barua zilizofuata zimehamishiwa jalada lingine, na namba yake. Ndivyo majalada yanavyoishi, hulala moja likaamka lingine, na bila kipande kile ningeandika kwamba kesi iliishia hapo. Nikajaza fomu ya kuliomba jalada la pili, likaja, na ndani yake mambo yalikwenda mpaka kwenye makadirio ya fidia, kisha yakahamishwa tena.

Nikiulizwa ubora wa mahali hapa nitataja kwanza hizo barua za Kiswahili. Ukisikia "nyaraka za mkoloni" unadhani utakuta sauti ya mkoloni peke yake. Yake ni nyingi, ndiyo, na ndiyo iliyopanga rafu. Lakini watu wetu waliandika. Waliandika kuomba, kulalamika, kushtaki jumbe, kudai mshahara, na karani akazitoboa tundu akazifunga kwa uzi uleule na barua za gavana. Mbele yangu pale mezani dole la muuza vitumbua, au la mtu kama yeye, lilikuwa limeshonwa pamoja na sahihi ya ofisa wa wilaya.

Upande wa Wajerumani sikuugusa sana, mada yangu inaanzia baadaye. Ila ujue kwamba Upanga ndiko zilipo kumbukumbu za utawala wa Kijerumani wa Afrika Mashariki zilizobaki nchini, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwenzangu anayesoma Maji Maji alikuwa nazo meza ya jirani. Yeye alijifunza Kijerumani miaka miwili, akaja, akagundua kwamba zile za mkono zimeandikwa kwa hati ya kale ya Kijerumani ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa kujifunza. "E" yake inafanana na "n". Za taipu alizimudu. Na humo humo kuna barua za Kiswahili za herufi za Kiarabu, za maakida na majumbe, kwa sababu serikali ile iliendesha wilaya kwa Kiswahili. Kama ulisoma madrasa na herufi zile zimo mkononi, una mtaji ambao wasomi wengi waliotoka mbali hawanao. Natamani wanafunzi wangu wa Mbagala na Temeke walijue hilo. Wanasoma Kurani alasiri, asubuhi wanakuja kwangu kufundishwa habari za akida, na hakuna aliyewaambia kwamba mwandiko wa akida wanaweza kuusoma wao.

Nilijifunza thamani ya utunzaji huu kwa njia chungu. Kabla ya Upanga nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma hapa jijini, jina naliacha, nikitafuta karatasi za viwanja za baada ya uhuru. Niliambiwa njoo kesho mara nne. Mara ya tano kijana mmoja mwenye huruma akanipeleka nyuma, akanionyesha: majalada yamerundikwa kwenye veranda chini ya turubai lililochanika, ya chini yameshikamana na kuwa kama tofali, mchwa wamepitisha njia katikati. Nililivuta moja likakatika mkononi. Ndani yake kulikuwa na viwanja vya watu, majina ya watu, pengine kesi ya yatima fulani. Nilirudi Kimara nikiwa nimebeba vumbi lake kwenye kanga, na usiku sikuandika kitu. Kwa hiyo ninapokaa chumba kile cha Upanga na jalada la mwaka 1934 linafunguka karatasi kwa karatasi, najua kuna watu wamelisimamia miaka yote hiyo, na nawashukuru mmoja mmoja.

Usitegemee kupata kila kitu. Nakala za barua zilizokwenda kwa waziri wa makoloni ziko London, kwenye mfululizo wa Tanganyika unaoitwa CO 691. Za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin. Ukivuka maji, Zanzibar wana nyaraka zao Kilimani, na mada nyingi za pwani hazikamiliki bila hizo. Nauli ya boti naiweza, ya London siwezi, na nilimwambia msimamizi wangu hivyo. Akanijibu kwamba kilichoandikwa na mwenye dole kilikuja Dar es Salaam, na kwamba London waliletewa muhtasari.

Kilichonigharimu zaidi ni uzembe wa namba. Siku mbili za kwanza nilinakili maneno bila kuandika folio. Nyumbani nikajikuta na kurasa kumi na moja za maneno mazuri ambayo siwezi kuyatumia, maana mtahini akiuliza yametoka wapi sina la kumwonyesha. Siku ya nane na ya tisa nikarudi kwenye majalada yaleyale kutafuta mistari niliyokwisha kuiandika. Kwa hiyo andika namba ya jalada juu ya kila ukurasa wa daftari, na folio pembeni mwa kila aya, kabla hujaandika neno la kwanza. Andika pia majalada uliyoyafungua ukakuta hayana kitu. Ukitaka kupiga picha uliza kwanza, usitoe simu kimyakimya. Na usiende siku moja. Siku moja ni ya kukaa na orodha tu. Wiki moja ni kianzio. Wiki mbili ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nikiuliza.

Chakula nilikuwa nakula kwa mama ntilie, wali maharage na mchicha, narudi saa saba na nusu. Saa ile ya baada ya chakula ndiyo ngumu, feni inazunguka, macho mazito. Niliitumia kwa majalada ya taipu na kuacha ya mkono kwa asubuhi.

Jumapili ya mwisho nilikwenda Ilala kwa bibi, nikamsomea ile barua kutoka kwenye daftari langu. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Nilipoanza salamu akaanza kuitikia kwa kichwa, na kabla sijafika "ama baad" alikuwa ameshaitamka. Akasema hiyo ni kazi ya waandishi wa barua, walikaa barazani na meza ndogo, unamweleza shida yako yeye anaipanga. Mama yake aliwahi kumtuma kwa mmoja wao akiwa mdogo, na senti zimefungwa kwenye pindo la kanga. Nikamuuliza kama jina lile analijua. Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema hapana, lakini kisima anakikumbuka, kulikuwa na nyumba yenye kisima ambako watoto walitumwa kuchota, upande wa pili wa mtaa, na baadaye hapakuwa na nyumba, palikuwa na barabara.

"Alilipwa?" akaniuliza.

Nikamwambia bado sijafika huko. Shule zinafunga Juni. Namba ya jalada la tatu nimeiandika kwenye jalada la nyuma la daftari, kwa penseli, mara mbili.